Nani Alipangua Harusi Yangu?

*Binadamu hupanga, Mungu hupangua. Methali hii nilitumiwa kwa meseji wiki tatu kabla ya kufunga ndoa. Kwenye njia panda ya Kidahwe, mama mmoja wa Kihispania akanifundisha kuisoma upya.*

Meseji iliingia saa moja asubuhi, nikiwa napiga pasi blauzi ya kwenda kazini. Ilikuwa Oktoba 2018. Kadi zilishachapwa, ukumbi hapa Kigoma mjini ulishalipiwa nusu, kamati ilishakaa vikao vinne, na mama yangu alishagawa vitenge vya sare kwa ndugu na majirani mpaka Mwandiga. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu. Mchumba wangu aliandika hivi: "Samahani sana. Naomba tusogeze mbele. Binadamu hupanga, Mungu hupangua."

Basi. Hakuna sababu wala tarehe mpya. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Pasi ikaunguza blauzi.

Mpenzi msomaji, naamini na wewe umeshakutana na methali hiyo. Ukichelewa kurudisha mkopo, unaitumia. Biashara ya ubia ikifa, mnaitumia. Mtu akimwacha mwenzake baada ya miaka mitano ya "tutaoana tu", anaitumia. Ina raha yake, maana ukishaisema hakuna anayethubutu kukuuliza swali la pili. Nani atabishana na Mungu?

Mimi sikubishana. Kwa siku mbili nilikuwa nimemkasirikia Mungu kweli kweli.

Hiace yafia Kidahwe

Siku ya tatu mama akanituma Kasulu kwa shangazi. Habari ya namna ile haisemwi kwenye simu, hasa kwa shangazi aliyekaa na wazee wa upande wa mwanaume siku ya mahari. Alitakiwa aambiwe uso kwa uso kwamba ng'ombe aliopokea sasa hawajulikani ni wa nini.

Kama umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Kigoma, unaifahamu Kidahwe. Ndipo njia inapogawanyika: huku Kasulu, Kibondo mpaka Nyakanazi, kule Uvinza na kuendelea Tabora. Hiace yetu ilichagua kufia hapo hapo, kabla hata haijaamua inaelekea wapi. Dereva akafunua injini, konda akapotea, abiria tukatawanyika kwenye vibanda. Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na ndizi, pembeni ya chupa za mawese zilizopangwa barabarani.

Kwenye benchi lile kulikuwa na mama wa Kizungu, umri wake kama miaka hamsini na kitu. Alikuwa Mhispania, nesi, akirudi kazini kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Gari lao lilikuwa linabadilishwa tairi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuogopa kukitumia. Alinitazama machoni akasema, "Pole, dada. Wewe umelia."

Si unajua ilivyo rahisi kumwambia mgeni yale ambayo huwezi kumwambia rafiki yako? Nilimwaga yote: kadi, ukumbi, vitenge, meseji. Nilipofika kwenye ile methali, akacheka. Sio kicheko cha dharau, ni kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Hiyo kwetu ipo!" akasema. "El hombre propone y Dios dispone."

Akaniandikia nyuma ya risiti. *Propone*, akasema, ni kupendekeza, kuweka wazo lako mezani. Hilo nililielewa. Nikamuuliza, na *dispone* ni kupangua? Akasita, Kiswahili kikamwishia. Basi akavuta sinia la mama wa chai, ambalo vikombe vilikuwa vimeachwa hovyo, vingine vimelala. Akavisimamisha kimoja kimoja, akaviweka kwa mstari, vijiko pembeni. "Hii," akasema. "*Dispone* ni hii."

"Sasa hiyo ni kupanga," nikamwambia.

"Ndiyo. Mungu anapanga."

Kumbe methali ile ile, lakini kwao Mungu hapangui kitu! Akaongeza kwamba watu wa mitaani hupenda kuitia mkia: mtu anapendekeza, Mungu anapanga, halafu anakuja shetani *y todo lo descompone*. Hapo akavuruga vikombe vyote kwa mkono mmoja, mama wa chai akaguna. "Wanaume wengine, mahali pa shetani wanasema mwanamke," akacheka tena. "Mimi nasema shetani."

Nikabaki nimeishika risiti. Kwa Wahispania kuna kazi tatu na kila kazi ina mwenyewe. Binadamu anapendekeza, Mungu anapanga, shetani anapangua. Sisi tumezifupisha zikawa mbili, na kazi ya kuvuruga vikombe tukampa Mungu.

Kabla gari lao halijaondoka aliniuliza swali moja ambalo lilinikaa kichwani mpaka Kasulu: "Huyo mwanaume, yeye amependekeza nini?"

Nikaisoma tena ile meseji. Hakuwa amependekeza chochote.

Ilikotoka methali yenyewe

Niliporudi mjini nilianza kuitafuta. Wahispania wanaitumia tangu zamani. Cervantes, mwandishi wa *Don Quijote*, kwenye sehemu ya pili iliyotoka mwaka 1615, anampa methali hiyo Sancho Panza, msaidizi wa yule shujaa kichaa. Sancho anaisema akiwa ametoka kuacha ugavana wake na kutumbukia shimoni njiani. Angalau yeye alikuwa ameshaanguka kweli!

Lakini Wahispania nao waliirithi. Karibu Ulaya nzima wanayo, na kitabu kinachotajwa sana kwa kuisambaza ni cha mtawa Thomas à Kempis, aliyefariki mwaka 1471 huko Uholanzi. Aliandika kwa Kilatini kitabu cha ibada kuhusu kumfuata Kristo, na humo, kitabu cha kwanza sura ya 19, ndimo ilimo. Ukisoma sura hiyo utashangaa. Haihusu misiba wala harusi zilizovunjika. Inahusu nidhamu ya kila siku: amka na nia, jipime jioni, weka maazimio yanayotekelezeka. Mtawa yule anawaambia wenzake wapange kwa bidii, kisha wamtegemee Mungu kuliko akili zao.

Na Kempis naye hakuanzia hewani. Mzizi uko kwenye Biblia, kitabu cha Mithali, sura ya 16 mstari wa 9. Maana yake kwa maneno yangu: moyo wa mtu huichora njia yake, lakini anayeziongoza hatua ni Bwana. Angalia hapo. Mtu yuko njiani tayari, anatembea, na Mungu yuko kwenye hatua zake. Haielezi Mungu aliyekaa pembeni akisubiri ukamilishe mipango ili aibomoe. Kuna pia waraka wa Yakobo, sura ya 4, unaowakemea wafanyabiashara wanaotangaza kwamba kesho watakwenda mji fulani, watakaa mwaka, watapata faida, kana kwamba kesho ni yao. Waseme kwanza: Bwana akipenda. Wanaokemewa ni watu wenye kiburi cha kesho. Waoga wa kusema ukweli leo hawakupewa kinga.

Barazani Ujiji

Huwezi kuzungumzia "Mungu akipenda" Kigoma bila kwenda Ujiji. Huko neno ni inshallah, na limekuwa hapo tangu misafara ya pwani ilipoleta biashara, dini na Kiswahili kandokando ya ziwa katika karne ya 19. Nilikwenda kumwona mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, aliyefundisha madrasa maisha yake yote. Mimi ni Mkatoliki, lakini kwetu Kigoma hilo halikuzuii kunywa kahawa kwenye baraza la ustaadhi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimesikia. Pole."

Mji mdogo huu. Nikamweleza ya Kidahwe, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza asili ya inshallah. Iko kwenye Qurani, Suratul Kahf, aya ya 23 na 24: usiseme juu ya jambo lolote kwamba utalifanya kesho bila kuliweka chini ya mapenzi ya Mungu. Wafasiri husimulia kwamba Mtume aliulizwa maswali na Makureshi, akaahidi kujibu kesho yake bila kusema inshallah, na wahyi ukachelewa siku kadhaa.

"Umeona?" mzee akasema. "Inshallah ni ya mtu aliyekwisha kuahidi na anataka kutimiza. Siku hizi mtu akikwambia inshallah, ujue haji."

Tukacheka wote wawili. Ni kweli jamani! Mwalike mtu kwenye kikao cha kamati, akikujibu "inshallah" au "Mungu akipenda", weka kiti chake pembeni.

Akanikumbusha na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Jibu lilikuwa: mfunge, kisha tegemea.

Hapo nikamtolea risiti yangu ya Kidahwe. Lililomfurahisha zaidi ni neno jingine la Kihispania nililolipata katika kuchimbua kwangu: *ojalá*. Wahispania wanalitumia kila siku wakitamani jambo, kama sisi tunavyosema "laiti" au "natumaini". Asili yake ni Kiarabu, kitu kama "Mungu angependa". Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho, Granada, ukaanguka mwaka 1492. Wafalme wakaondoka, neno likabaki. Wakatoliki wa kule wanalisema bila hata kukumbuka lilikotoka. Jina la Mungu lile lile lilisafiri na Waarabu kwenda magharibi mpaka Hispania, na likasafiri kusini mpaka kwetu.

Lakini mzee hakukubali kwamba methali yetu ya Kiswahili ina kosa. "Wewe unasikia kupangua ukadhani ni kubomoa," akasema. "Redioni wakitangaza rais amepangua baraza la mawaziri, unadhani nchi haina serikali tena? Unasubiri usikie nani kawekwa wapi. Anayepangua vyombo kabatini anaweza kuwa mwenye nyumba, anafagia."

Sikuwa na jibu. Kupangua ili kupanga upya: labda wazee walimaanisha hivyo tangu mwanzo. Sisi ndio tunaoishia katikati, vyombo viko sakafuni, na tunaondoka tukisema ni mapenzi ya Mungu.

Meli iliyopangiwa vita

Kama unataka mfano wa kupangua na kupanga upya, sisi wa Kigoma tunao mkubwa kuliko nyumba: MV Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa. Ikaingia ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa na mizinga, itawale Tanganyika nzima. Julai 1916, walipoona adui anakaribia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliipaka injini grisi nyingi kwanza, wakiamini siku moja itaibuliwa.

Iliibuliwa kweli, na Waingereza, mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Meli iliyopangiwa vita ikaja kubeba dagaa, mahindi na wanafunzi wanaokwenda shule. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 ilitumwa Kagunga kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko kwao, ikawaleta Kigoma.

Nimeipenda ile grisi. Mpango wao wa vita ulipanguliwa wote. Ila ile kazi ndogo ya mwisho waliyoifanya kwa uangalifu, hata walipokuwa wanashindwa, ndiyo iliyofanya meli iweze kupangiwa kazi nyingine.

Nilipomuuliza swali jingine

Wiki moja baada ya meseji, simu yake ikapatikana. Mwanzoni nilikuwa nimejiandaa kuuliza "kwa nini Mungu katufanyia hivi?" Nadhani angelijibu swali hilo kwa raha, tungelia pamoja na yangeishia hapo. Badala yake nilimuuliza: "Wewe umeamua nini?"

Kimya. Kisha akasema tuonane.

Tulikutana mwaloni Kibirizi, jioni, mitumbwi ya dagaa ikijiandaa kutoka. Akaniambia mkataba wake wa kazi ulikuwa umeisha tangu Agosti na haukuongezwa. Miezi miwili alikuwa anatoka nyumbani asubuhi amevaa shati la kazi, anakwenda kukaa kwa rafiki yake. Mchango wake wa harusi alikuwa ameula, kodi na chakula. "Niliona aibu," akasema. "Nikaona nikimtaja Mungu, hutaniuliza."

Jamani, hilo neno liliniuma kuliko meseji yenyewe. Kukosa kazi si dhambi. Lakini alikuwa tayari nigombane na Mungu maisha yangu yote ili yeye asigombane na mimi dakika kumi.

Nilikasirika kwa miezi. Ng'ombe wa shangazi walibaki walipo, na shangazi mwenyewe, kwa hekima yake, alikataa kuwarudisha wala kuwahesabu. Kila nikipiga simu alisema, "Bado anakuja kukuona?" Nikisema ndiyo, anakata. Na kweli alikuwa anakuja, kila Jumapili, akiwa na habari ya wiki: nimeomba kazi hapa, nimekosa, nimepata kibarua bandarini. Alikuwa ameanza kupendekeza.

Tulifunga ndoa Desemba 2019. Hakukuwa na ukumbi. Misa, chakula nyumbani, watu thelathini, na wale majirani wa Mwandiga walivaa vitenge vyao vya mwaka uliopita.

Siku ambayo hakuna aliyekosea

Ningeishia hapo, ungedhani nimeitupa ile methali. Sijaitupa, na nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2021 tulipoteza mimba ya miezi mitano. Tulikuwa tumefanya kila kitu: kliniki, vidonge, mapumziko. Hakuna aliyezembea, wala hapakuwa na siri mahali popote. Wageni walikuja kutupa pole, na mmoja baada ya mwingine wakasema ile ile: binadamu hupanga, Mungu hupangua. Najua walitaka kunifariji. Lakini mwanamke aliyelala chali akitazama dari hahitaji kuambiwa aliyemfanyia hivyo ni Mungu.

Shangazi alifika kutoka Kasulu siku ya pili. Hakusema methali. Alifua nguo, akapika, usiku akalala chini pembeni ya kitanda changu. Kabla ya kuzima taa alisema neno moja tu la Kiha, Imana, jina la Mungu, kama mtu anayemwita jirani. Huku kwetu na ng'ambo ya mpaka Burundi kuna watu wanaitwa Bizimana, tafsiri yake ni kama kusema Mungu ndiye ajuaye. Hakusema Mungu amefanya. Alimwita tu, tukalala.

Siku ile ndipo nilipoielewa methali. Kuna mambo ambayo hakuna binadamu aliyeyapangua, na hapo mtu anahitaji pa kuegemea. Hapo ndipo pake. Tukiitumia kufunika mkataba ulioisha, deni au mchepuko, tunaichosha, na siku tunapoihitaji kweli inakuwa haina nguvu tena.

Kwa wewe na mwenzi wako

Nyumbani kwetu tumejiwekea utaratibu. Si sheria ya dini, ni utaratibu wa wanandoa wawili tu, lakini unaweza kukufaa:

1. Mungu akipenda iwe na kazi ndani yake. Ukisema "tutajenga Mungu akipenda", malizia na sehemu yako: "na mimi nitaweka kiasi fulani kila mwezi." Asiyependekeza asimsubiri Mungu apange.

2. Kabla hujasema Mungu kapangua, jiulize kama unamfahamu aliyepangua. Kama ana namba ya simu, huyo si Mungu.

3. Ukiahirisha, toa sababu na tarehe. Hata kama sababu inakuaibisha. Aibu ya jioni moja mwaloni inapita.

4. Mwenzako akipatwa na la Mungu kweli, mwache yeye aseme ni la Mungu. Wewe fua nguo.

Ile risiti ya Kidahwe bado ninayo, ipo kwenye pochi, wino umeanza kufifia. Yule mama sikumwona tena. Juzi tulipita pale kwenda Kasulu kumpeleka mtoto wetu wa miaka miwili akamsalimie shangazi. Gari likasimama abiria washuke, na mume wangu akanunua ndizi dirishani. Nikamuuliza tutafika saa ngapi. Akafungua mdomo, akanitazama, akacheka.

"Saa nane, Mungu akipenda," akasema. "Na mafuta nimejaza."